Kaunta ya Geiger mezani Chikongola: shajara ya mradi, Septemba hadi Desemba

Septemba, mwanzoni

Mradi wenyewe ni huu: kutengeneza kaunta ya Geiger, kifaa chenye mrija unaohisi mionzi na kulia tiki, hapa Mtwara mjini, kwenye meza ile ile ninayofungulia redio na chaja za simu, iwe imara kiasi cha kushikwa na wanafunzi wa kidato cha sita bila mimi kusimama pembeni. Wazo ni la Mwalimu, mstaafu wa fizikia aliyenifundisha mimi na nusu ya mafundi wa mtaa huu. Hoja yake ni kwamba mada ya mionzi imekuwa ya ubaoni miaka nenda miaka rudi. Mwanafunzi anachora mrija, anataja sehemu zake, anapata alama zake, anaondoka shule hajawahi kusikia hata tiki moja.

Mdau wa pili alijialika. Mzee wa vyuma chakavu aliye ng'ambo ya barabara alitusikia tukizungumza, akaja na kiti chake. "Fundi mwanangu, hiyo mashine itaniambia chuma kipi kina mionzi kabla sijakipakia kwenye lori la Dar?" Mwalimu alimjibu haraka kwamba ndiyo. Mimi nikanyamaza, maana nilikuwa nimeanza kusoma karatasi za mrija, na jibu lililokuwa linajitokeza humo si "ndiyo" wala "hapana". Sehemu kubwa ya shajara hii inalihusu swali la huyo mzee.

Mirija tunayo ya aina mbili. Wa kwanza ni SBM-20, wa chuma, uliotengenezwa kwa wingi enzi za Muungano wa Kisovieti: urefu kama sentimita 11, unene kama kidole cha mtoto. Wa pili ni J305, wa kioo, kutoka China. Yote iliagizwa kwa njia ya mtandao, ikapokelewa Kariakoo, ikapanda basi la Mtwara ndani ya boksi la viatu lililojazwa pamba.

Septemba, siku chache baadaye: ndani ya mrija

Naandika hapa ninavyouelewa mrija, kwa kuwa kila uamuzi uliofuata ulitokana na hapa.

SBM-20 ni silinda ya chuma chembamba sana, ukuta wake milimita 0.05. Ndani kuna gesi ya neoni kwa shinikizo dogo, iliyochanganywa na bromini na agoni kidogo, na katikati umepita waya mwembamba. Waya unapewa volti 400 chanya, ukuta ni hasi. Hapo mrija hautumii umeme wowote, unasubiri. Chembe ya beta, yaani elektroni ya kasi iliyorushwa na atomu yenye mionzi, ikipenya ukuta, inang'oa elektroni kwenye atomu za gesi. Elektroni hiyo inavutwa kuelekea kwenye waya, na kadiri inavyokaribia ndivyo inavyovutwa kwa nguvu zaidi, hadi inapata kasi ya kung'oa elektroni nyingine, nazo zinang'oa nyingine. Maporomoko hayo hayaishii mahali pamoja. Atomu zilizosisimka hutoa mwanga wa urujuanimno, mwanga huo unaanzisha maporomoko mengine kando yake, na kufumba na kufumbua waya mzima umehusika. Kinachozima moto huo ni ioni chanya: ni nzito, zinakwenda polepole, na zinapouzingira waya nguvu ya uvutaji inashuka, maporomoko yanakatika. Bromini ina kazi ya kuhakikisha ioni zikifika ukutani hazing'oi elektroni mpya na kuanzisha yote upya.

Hans Geiger na Ernest Rutherford walikuwa na kifaa cha kuhesabu chembe za alfa, zile nzito zinazorushwa na baadhi ya atomu, kule Manchester mwaka 1908, lakini mrija tunaoujua sisi ni wa mwaka 1928, Geiger akiwa Kiel na mwanafunzi wake Walther Müller. Mirija ya zamani ilitumia mvuke wa pombe kuzima maporomoko, na pombe hiyo ilikuwa inaisha kadiri mrija unavyohesabu. Ni Sidney Liebson, mwaka 1947, aliyeonyesha kwamba gesi za jamii ya bromini na klorini zinafanya kazi hiyo bila kuisha, kwa sababu molekuli zake zikivunjika hujiunga tena. Ndiyo maana mrija uliokaa ghalani miongo kadhaa unafika Mtwara bado mzima.

Sasa jambo kubwa. Kwa kuwa waya mzima unahusika kila mara, mpigo wa umeme unaotoka ni wa ukubwa ule ule, kilichoingia kiwe na nguvu kiasi gani. Mrija ni mbwa wa uani: anabweka vile vile kwa mgeni na kwa mwizi. Hausemi ni sesiamu au ni potasiamu, hausemi ni beta au ni gama, ile mionzi ya jamii ya mwanga inayopenya mbali. Alfa hausemi kabisa, kwa sababu ukuta unaizuia. Hata hewa tu ya sentimita chache inaizuia. Na gama, ambazo ndizo zinazompa mtu wasiwasi, nyingi zinapita mrijani bila kugusa kitu. Inayohesabiwa ni ile inayotokea kung'oa elektroni kwenye ukuta wa chuma, kama moja katika mia hivi.

Mwalimu alisoma aya hii akasema nimeifanya mashine ionekane haina maana. Sivyo. Nataka tu tujue inachobweka.

Septemba, mwishoni: volti 400 kutoka chaja ya simu

Hii ni kazi ya kifundi, nitaipita upesi. Volti 5 zinaingia kwenye koili kupitia transista inayofungua na kufunga maelfu ya mara kwa sekunde. Kila transista inapokata, koili inarusha mshtuko wa mamia ya volti, dayodi inaupitisha upande mmoja, kapasita ndogo ya nanofaradi 10 inauhifadhi. Kati ya hapo na mrija kuna rezista ya megaohmu 5.1, iliyochomewa karibu kabisa na ncha ya mrija. Nishati iliyo kwenye kapasita ni chini ya sehemu moja ya elfu ya juli, itakustua vidole lakini haitakudhuru. Nimesisitiza hili kwa sababu mama mzazi wa mwanafunzi mmoja aliuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza.

Kuzipima hizo volti 400 ni hadithi nyingine, na ningependa kila anayejaribu kitu hiki aisikie. Mita ya kawaida ya fundi ina ukinzani wa megaohmu 10. Kwa betri ya gari hilo si tatizo. Kwa chanzo dhaifu kama hiki, mita yenyewe inakunywa umeme mwingi kuliko mrija, volti zinaporomoka, na namba unayosoma ni ya chanzo kilichokwisha kunyonywa. Mtu akiona 250 ataongeza, ataongeza tena, na akiiondoa mita mrija unapata zaidi ya 500 na unaungua. Tulichofanya ni kuunganisha rezista 100 za megaohmu 10 kwa mfululizo ndani ya bomba la plastiki la kalamu nene mbili zilizounganishwa. Zikitangulia mbele ya mita, mita inaona sehemu moja katika 101. Ikisoma volti 3.96, mrija una 400.

Oktoba: karabai na mbolea

Mrija hauwezi kujaribiwa bila kitu cha kuuhesabisha, na vyanzo vya mionzi vya maabara si vitu vya kununua dukani. Tanzania vinasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu, TAEC, chini ya sheria ya mwaka 2003. Kuwa nacho kunahitaji kibali. Hatukutaka kwenda njia hiyo kwa mradi wa mezani. Kuna vitu viwili halali vilivyokwisha kuwamo majumbani.

Cha kwanza ni kile kitambaa chepesi cha karabai, kinachofungwa juu ya bomba na kuwaka mweupe. Wavuvi wa dagaa wa pwani hii wamevitumia miaka mingi kabla ya taa za betri za sola. Vile vya zamani vilitiwa thoriamu ili viwake vizuri, na thoriamu ina mionzi: nusu-uhai wake, yaani muda wa nusu yake kuisha, ni miaka bilioni 14, haitaisha leo. Vipya vingi sasa hutiwa itriamu ambayo haina. Vile vya dukani havikuutikisa mrija hata kidogo. Kilicholia ni kimoja kutoka kwenye droo ya Mwalimu, ndani ya bahasha iliyogeuka rangi ya chai: kikisogezwa karibu na mrija, tiki zikawa mkorogo. Kimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki juu ya mfuko mwingine na hakifunguliwi. Hatari ya kitambaa kile ni vumbi lake kuingia mapafuni au mdomoni. Kukaa nacho chumba kimoja si tatizo. Asikiwashe mtu.

Cha pili ni mbolea ya potasi, ile chumvichumvi ya madukani ya pembejeo. Potasiamu yote duniani ina kiasi kidogo, asilimia 0.0117, cha potasiamu-40 yenye mionzi. Gramu moja ya potasiamu hutoa kama mipasuko 31 ya atomu kila sekunde, usiku na mchana, iwe kwenye mbolea, kwenye ndizi au kwenye mwili wako. Kilo moja ya mbolea kwenye mfuko mwembamba, mrija umelazwa juu yake, inatosha kuonyesha tofauti bila ubishi. Wanafunzi watatumia mbolea. Kitambaa cha karabai kinabaki kwangu.

Kwa kitambaa hicho tulichora mstari wa volti. Ukianzia chini, mrija uko kimya. Karibu na volti 300 unaanza, hesabu inapanda haraka, halafu inatulia: kutoka kama 350 hadi 475 ukiongeza volti hesabu haibadiliki kwa cha maana. Baada ya hapo inapaa tena, na huko ni kuua mrija. Tumeweka 400, ili hata betri ikichoka hesabu isiyumbe.

J305 ulitupa burudani moja. Kivulini unahesabu kwa adabu, ukiusogeza mlangoni penye jua la saa sita unahesabu kama umewekwa juu ya karabai. Ni mwanga tu. Kioo kinaupitisha, na mwanga huo unang'oa elektroni ndani. Tumeuzungushia tepu nyeusi ya umeme, umetulia, lakini kwa nchi yenye jua kama hili nimeuweka pembeni. SBM-20 ni wa chuma, haujui mchana wala usiku.

Novemba: hewa ya pwani

Kusi limekwisha, kaskazi imeanza kuleta unyevu, na hesabu zimeanza kupanda zenyewe alfajiri. Mtu mwenye hofu angesema kuna jambo. Kumbe ni bodi. Kwenye ukinzani wa mamilioni ya ohmu, mabaki ya gundi ya kuchomelea yakinywa unyevu wenye chumvi yanakuwa njia ya umeme. Volti 400 zinavujia juu ya bodi, zinacheche kidogo, na kila cheche inahesabiwa kama mionzi. Dawa: kusugua bodi kwa spiriti na mswaki, kuikausha juani, kisha kuipaka rangi ya kucha isiyo na rangi, tabaka mbili, hasa kuzunguka rezista kubwa. Mke wangu ameandikisha deni la chupa.

Tatizo la pili ni jirani anayechomelea mageti. Kila anapogusisha fimbo ya welding, kaunta inaruka. Hizo ni mawimbi ya redio yanayoingia kwenye waya. Tumeiweka bodi nzima ndani ya kopo la bati la maziwa ya unga na kuliunganisha na hasi ya betri. Mrija nao umo ndani, lakini bati lingezuia beta, kwa hiyo tumekata mwanya wa urefu wa mrija ubavuni, na juu yake kipande cha alumini cha milimita 3 kinachoteleza. Kikifunguliwa zinaingia beta na gama. Kikifungwa beta za potasiamu zinaishia ndani ya alumini na zinabaki gama tu. Mwanafunzi anahesabu mara mbili, anatoa, anapata beta peke yake. Kwa maoni yangu kipande hicho cha alumini ndicho sehemu ya thamani kuliko zote kwenye kopo, na hakikugharimu kitu.

Novemba: ugomvi wa maikrosiveti

Karibu kila kaunta ya bei nafuu inaonyesha maikrosiveti kwa saa, kipimo cha athari ya mionzi mwilini. Inafanyaje? Inahesabu mipigo ya dakika na kuizidisha kwa namba. Kwa SBM-20 namba inayotumiwa sana ni 0.0057. Mipigo 20 kwa dakika inakuwa 0.114, na 0.114 inafanana na kipimo halali cha mazingira popote pale, basi kila mtu anaridhika.

Lakini namba hiyo ni ya gama za chanzo fulani cha maabara. Ukiuweka mrija juu ya kitambaa cha karabai na mwanya uko wazi, unachohesabu zaidi ni beta, na kuzizidisha kwa namba ya gama ni kuzidisha mbuzi kwa bei ya ng'ombe. Isitoshe, mrija una mipigo yake mwenyewe hata ukiufukia ndani ya madini ya risasi yanayozuia mionzi, na sehemu ya hesabu inatoka angani. Ile 0.114 inapendeza kwa bahati.

Nilitaka kuiondoa kwenye skrini. Mwalimu alikataa.

"Mtoto atatoka hapa hajui siveti ni nini."

"Atatoka anajua, Mwalimu. Ila asiamini kwamba mashine hii inazipima."

"Nawe unataka aone nini?"

"Hesabu. Na kosa lake."

Alinyamaza, akaenda kunywa kahawa, akarudi na suluhu ambayo sikuitegemea: skrini ionyeshe hesabu na kosa lake kwanza, na maikrosiveti zionekane tu alumini ikiwa imefungwa na hesabu imezidi dakika kumi. Nimeweka swichi ndogo chini ya alumini. Mwalimu ameshinda, na kifaa kimekuwa bora kuliko nilivyokuwa nakitaka mimi.

Kosa ni hivi: mipasuko ya atomu haina ratiba, kwa hiyo ukihesabu mipigo N, yumba yake ya kawaida ni kipeuo cha pili cha N. Mipigo 20 ya dakika moja ina yumba ya kama 4 na nusu, maana yake dakika inayofuata ikija 14 au 26 hakuna kilichotokea duniani. Mipigo 1,200 ya saa nzima ina yumba ya 35, asilimia 3 tu. Anayesogeza kaunta kwa sekunde tano na kutangaza habari, anatangaza kelele.

Novemba, mwishoni: baharini, Mikindani, Masasi

Nilitaka kujua ni sehemu gani ya hesabu inatoka ardhini. Njia ya kitajiri ni kujenga chumba cha risasi. Sisi tuna bahari. Maji yana potasiamu kidogo tu, na yakiwa na kina cha mita kadhaa yanazuia karibu gama zote za ardhini. Shemeji ana mashua. Tukatoka nayo asubuhi bahari imelala, mbali na ufukwe, kopo limefungwa ndani ya mfuko wa plastiki juu ya ubao.

Saa nzima, alumini imefungwa: mipigo 812, yumba 28. Hiyo ni anga pamoja na mrija wenyewe. Usawa wa bahari hupokea takriban muoni mmoja (chembe inayoshuka kutoka angani) kwa kila sentimita mraba kwa dakika, na mrija ukilala una eneo la kama sentimita mraba 9, kwa hiyo zaidi ya nusu ya tiki tulizosikia pale zilitoka juu, kwenye migongano ya mionzi ya angani na hewa kilomita nyingi juu ya vichwa vyetu. Shemeji aliuliza kama zinapita kwenye mashua pia. Zinapita kwenye mashua, kwenye yeye, na kwenye samaki.

Uani kwangu, juu ya mchanga: 1,046, yumba 32. Ardhi inaonekana, ingawa kwa unyonge.

Mikindani, kando ya ukuta wa nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe na chokaa: 1,021, yumba 32. Hapa Mwalimu alimzuia kijana mmoja aliyekwisha kuandika kwamba Mikindani kuna mionzi michache kuliko Mtwara. Tofauti ni 25. Yumba ya tofauti ya hesabu mbili hizo ni kama 45. Huwezi kusema lolote. Kwamba mawe ya chokaa yana uraniamu, thoriamu na potasiamu kidogo ni kweli, lakini hesabu hii siyo iliyotuambia.

Masasi ni habari nyingine. Tulipitia Mnazi Mmoja na Ndanda, na tangu mbali unaiona ile miamba imesimama peke yake tambarare. Ni miamba migumu ya kale, jamii ya matale, yenye madini ya potasiamu kwa wingi pamoja na chembe za uraniamu na thoriamu. Tuliweka kopo kwenye mwamba mtupu, kivulini: 1,590, yumba 40. Kopo lile lile, muda ule ule, karibu mara mbili ya baharini. Ukiiondoa hesabu ya baharini, ardhi ya Masasi inatoa kama mara tatu ya mchanga wa uani kwangu. Si hatari kwa mtu yeyote. Wastani wa dunia kwa vyanzo vyote vya asili ni kama milisiveti 2.4 kwa mwaka na sehemu nyingi zenye watu zina zaidi ya hapo. Lakini wanafunzi walioandamana nasi walikwenda kimya wakisubiri saa iishe, na namba ilipotoka walishangilia kama goli.

Kazi hii hii ndiyo inayofanywa ndani ya visima vya gesi. Chombo cha kupima gama hushushwa kisimani, na tabaka za mfinyanzi, zenye potasiamu na thoriamu nyingi, hulia zaidi ya tabaka za mchanga safi, ambazo ndizo zinazoweza kushika gesi. Sisi tulio karibu na Mnazi Bay tumeishi na teknolojia hiyo bila kuiona. Tofauti ni kwamba wao mara nyingi hawatumii mrija wa Geiger. Wanatumia fuwele, kwa kawaida sodiamu ayodidi yenye chembe za thaliamu, ambayo Robert Hofstadter aliionyesha mwaka 1948. Gama ikiingia humo fuwele inamulika, na ukubwa wa mmuliko unalingana na nishati iliyoingia. Hapo ndipo unaposoma jina: nishati ya elektronivolti 662,000 ni sesiamu-137, milioni 1.46 ni potasiamu-40. Chombo hicho kinamtofautisha mgeni na mwizi.

Desemba: jibu la mzee

Mzee amesubiri kwa subira. Nimemwandalia jibu la mdomo, naliandika hapa ili Mwalimu alikosoe.

Kwanza nilimsimulia ya Goiânia, Brazili, Septemba 1987. Watu waliokuwa wanatafuta vyuma waliingia kwenye kliniki iliyoachwa, wakachukua sehemu ya mashine ya tiba ya saratani, ikauzwa kwa mwenye yadi ya vyuma chakavu kama yeye. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu-137 unaong'aa bluu gizani. Watu waliugawana kama kitu cha ajabu. Wanne walikufa. Mwanafizikia aliyeitwa alipowasha chombo chake cha kupimia, mshale uligonga mwisho kila alikokielekeza. Akadhani kimeharibika, akarudi kuchukua kingine. Mzee hapo aliacha kutikisa mguu.

Kisha ya Juárez, Mexico: kobalti-60 ya mashine ya tiba iliyeyushwa pamoja na vyuma vingine, ikawa nondo. Iligunduliwa Januari 1984 lori la nondo lilipopita kwenye vihisi vya maabara ya Los Alamos, Marekani. Halikwenda kupimwa, lilipita njia tu.

Halafu jibu. Kopo letu likilia sana kwenye chuma, ni habari ya kweli: asikiguse, asikifungue, awatoe watu, apige simu polisi na TAEC. Likikaa kimya, si ruhusa. Chanzo kinaweza kuwa ndani ya ganda lake la risasi, na ganda zima linaficha karibu kila kitu mpaka siku tanuru au msumeno utakapolifungua. Na kuna ukimya mbaya zaidi. Baada ya kila mpigo SBM-20 unahitaji kama sehemu 190 katika milioni za sekunde, yaani sekunde 0.00019, kabla ya kupokea mwingine. Kwa mipigo 1,000 kwa sekunde inayosomwa, ukweli ni kama 1,235. Mionzi ikizidi mno mrija unabaki umewaka mfululizo, hakuna mpigo unaotengana na mwingine, na kaunta isiyoandaliwa inaonyesha sifuri mahali pabaya kuliko pote. Kwa ajili hiyo nimeongeza waya unaotazama volti za mrija: zikianguka na kubaki chini, skrini inaandika IMEJAA na spika inalia mfululizo.

"Kwa hiyo macho bado yanahitajika," alisema mzee. Ndiyo. Kitu kidogo lakini kizito kupita kiasi, ganda la risasi, alama ya mabawa matatu hata kama rangi imechubuka, mashine ya hospitali, kifaa cha kupigia picha viungo vya mabomba. Nimemchapishia picha ya alama hiyo na kuibandika kwenye mzani wake. Vijana wake wanapita mbele yake mara mia kwa siku.

Desemba: korosho

Msimu uko juu, maghala yamejaa, na lazima swali hili lingekuja. Binti mmoja wa kidato cha sita alileta korosho kwenye mfuko: "Shikamoo, fundi. Tupime kama zina mionzi." Tulipima saa nzima. Hakuna tofauti na meza tupu.

Mwalimu alimwambia zina. Gramu 100 za korosho zina potasiamu zaidi kidogo ya nusu gramu, basi kama mipasuko 20 kila sekunde, sawa na chakula kingine chochote chenye uhai. Kopo letu haliwezi kuiona ndani ya kelele za anga na ardhi. Maabara zinazotoa vyeti vya chakula hutumia fuwele ya elementi ya jermaniamu iliyopozwa kwa nitrojeni iliyo kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, ndani ya ngome ya risasi, na sampuli hukaa humo kwa saa nyingi. Binti aliandika yote, halafu akala sampuli.

Hali ilivyo sasa

Kopo la kwanza limekamilika na linakwenda shuleni muhula ukifunguliwa, pamoja na kilo moja ya mbolea na karatasi ya mazoezi. La pili linasubiri mrija. J305 nitaurudisha kwenye mradi kwa jambo moja tu: kuwaonyesha wanafunzi kifaa kinachohesabu jua. Fuwele ndogo ya sodiamu ayodidi nimeiulizia bei. Mwalimu amesema tuanze kuchanga, mzee wa vyuma chakavu ametangulia kutoa, na ameomba risiti.